Mchumba Wangu Alisema Baba Alilala Kwenye Usukani

"Dereva alilala kwenye usukani. Gari letu halina kosa lolote!"

Maneno hayo niliyasikia kwenye simu, mubashara, nikiwa jikoni na mwiko mkononi. Aliyekuwa akiyasema alikuwa amevaa suti ya bluu ambayo nilimchagulia mimi mwenyewe.

Mugo. Mchumba wangu!

Na dereva aliyekuwa akimsema mbele ya kamera zote zile… ni baba yangu mzazi.

Ndugu zangu, niliduwaa. Ugali uliungua nikiutazama tu.

Jumamosi hiyo hiyo iliyokuwa mbele yetu, Mugo alikuwa alete mbuzi wa ntheo nyumbani. Kwetu Wakamba, ntheo ndiyo posa yenyewe. Mbuzi wakishapokewa, wewe ni mke wa mtu. Sasa niambieni nyinyi, mtu anawezaje kumletea baba yako mbuzi, na wiki hiyo hiyo anaitangazia nchi nzima kwamba baba yako ni mzembe?

Wacha niwaeleze vizuri msije mkaniacha njiani.

Naitwa Nzembi. Nimelelewa mtaa wa Lucky Summer, hapa Nairobi, na baba peke yake, maana mama alitangulia nikiwa mdogo. Chuoni nilisomea ufundi wa magari, na sasa nafanya kazi kwenye ofisi inayokagua magari yaliyopata ajali. Kazi naijua. Shida yangu ni kuongea. Mbele ya watu sauti yangu inajificha, na nikiudhiwa ndiyo kabisa, machozi hutangulia maneno.

Baba, Mzee Ndolo, ni dereva. Ameendesha malori, akaendesha mabasi ya shule, akaendesha wakubwa. Mwaka huu akapata kazi ambayo mtaa mzima uliionea wivu. Kuendesha Orela!

Kama hujaliona, Orela ni lile gari jipya la umeme, jeusi, refu, linapita bila hata kunguruma. Milango inajifungua. Viti vinakukanda mgongo. Kampuni iliyolileta Nairobi ilibuni njia yake ya kujitangaza: magari yale yanakodishwa kwa harusi, watu wapige picha, picha zienee mitandaoni. Msemaji wa kampuni hiyo ni Mugo. Ni yeye aliyemtafutia baba kazi, nasi tulimshukuru mpaka akatuambia inatosha.

Halafu ikaja ajali.

Baba alikuwa amembeba bibi harusi kutoka mtaa wa Fedha kwenda kanisani. Jua kali, barabara wazi, hakuna mtu mbele. Ghafla gari likajishikia breki lenyewe, katikati ya barabara! Kenta, lori dogo lililokuwa nyuma, ikaligonga. Bibi harusi akapasuka paji la uso, damu ikaloa shela. Mpita njia akachukua video, na kufikia jioni kila mtu alikuwa ameiona.

"Mama, sikugusa breki," baba aliniambia. Huniita mama kwa kuwa nimerithi jina la mama yake mzazi. "Mguu wangu sikuusogeza hata kidogo."

Nilimwamini. Nikadhani na Mugo atamwamini.

Kumbe!

Nilimpigia simu papo hapo.

"Mugo, umesema nini kuhusu baba?"

"Babe, tulia. Sikumtaja jina."

"Kila mtu anajua ni yeye!"

"Hiyo ni lugha ya kazi tu. Mzee ataelewa. Jumatatu anarekodi kaklipu kadogo, anasema alisinzia, anaomba msamaha. Stori imeisha."

"Lakini hakusinzia."

Akacheka. Kile kicheko cha mtu anayemweleza mtoto.

"Nzembi, si wewe ndiye umesomea magari? Angalia rekodi basi! Orela haijawahi kupata ajali hapa Kenya kabla ya mzee wako. Hata moja! Gari lina rekodi safi, mzee ana umri mkubwa. Wewe ungemlaumu nani?"

"Labda kuna kitu kampuni inajua kuhusu hilo gari… kitu ambacho madereva hawajaambiwa?"

"Hakuna. Haki ya Mungu, kungekuwa na kitu ningekuambia wewe wa kwanza."

Nilikuwa na mengi ya kumjibu. Machozi yakatangulia, nikakata simu.

Nilimkuta baba sebuleni, viatu vyake vya kazi vimeng'arishwa na hana pa kwenda navyo.

"Nitairekodi hiyo klipu," alisema kabla sijafungua mdomo.

"Baba!"

"Nikikataa, Jumamosi yako itaharibika. Mimi nimeshaendesha vya kutosha, mama. Nikiitwa mzembe nitakaa nyumbani nifuge kuku. Wewe ndio unaanza maisha."

"Lakini ni uongo!"

Akaviangalia vile viatu. Halafu akasema kitu ambacho mpaka leo kikinijia nalia.

"Na labda nililala kweli. Mtu akisinzia hajui kama amesinzia. Si ndiyo?"

Jamani! Walikuwa wamemsema mpaka na yeye mwenyewe ameanza kuamini!

Kesho yake nilifika ofisini mapema nikaanza kutafuta. Ajali za Orela zilizofika polisi kabla ya hii ya baba? Hakuna. Madai ya bima? Hakuna. Nikapiga simu kwa kampuni, idara ya wateja. Nikachezewa muziki. Nikapigia tena. Muziki. Nikaambiwa, "Dada, gari letu lina rekodi safi," halafu nikarudishiwa muziki. Nilitamani niitupe simu dirishani.

Uchungu zaidi ni kwamba Mugo hakuwa amedanganya kuhusu rekodi. Ilikuwa safi kweli.

Saa ya chakula nikaenda Soko la Burma, kwa sababu najua wenzake baba hula nyama pale. Nikawakuta Dishon na Mulongo, wote madereva wa Orela, mbavu iko katikati yao na kachumbari pembeni.

"Niaje siste! Mtoto wa Mzee Ndolo! Vuta kiti, hii mbavu inaisha."

"Dishon… hiyo Orela yako imewahi kujishikia breki?"

Akaacha kutafuna. Akamwangalia Mulongo.

"Haijawahi."

"Hata siku moja?"

"Siste, kula nyama."

Sikula. Nilijaribu kuuliza tena, machozi yakaanza kudondoka pale pale mbele ya wala nyama wote wa Burma.

"Ai, ai, ai! Usilie bana!" Dishon akaangalia huku na huku. "Watu watasema nimekuachia mimba nikatoroka!"

"Baba anasema labda alilala kweli."

Mzaha ukamtoka usoni. Akapangusa mikono.

"Mzee Ndolo hawezi kulala. Mzee huyo hata tukiwa tumepaki halali." Akavuta pumzi. "Sikiza. Ilinisimamia mara moja, pale Donholm. Boda ikaniingia nyuma. Nikadhani ni mimi nimekanyaga vibaya."

"Uliripoti?"

"Niripoti wapi? Ukiita polisi gari inalazwa kituoni, na ndani niko na bibi harusi analia poda inatoka! Nilishuka, nikamalizana na yule msee wa boda hapo hapo kando ya barabara. Kila mtu akaenda zake."

"Hata mimi," Mulongo akasema.

"Hata wewe nini?"

"Ilinisimamia. Kagari ka Probox kakanibusu nyuma. Tukamalizana."

"Mulongo! Tunakula meza moja kila siku na hujaniambia?"

"Kwani wewe uliniambia?"

Wakabaki wanatazamana kama watu waliokutana leo.

Na mimi hapo ndipo nilipoielewa ile rekodi safi. Nyinyi mnatujua. Tukigongana hapa Nairobi tunashuka, tunafokeana, tunainama kuangalia bampa, tunamalizana. Haiandikwi popote. Kila dereva alirudi nyumbani akijilaumu peke yake, akanyamaza. Halafu kampuni ikachukua ule ukimya wao, ikauita usalama!

"Mtayasema haya mbele ya kampuni?" nikauliza.

Mulongo akarudi kwenye kachumbari.

"Dishon?"

"Siste… jina langu usitaje. Niko na watoto."

"Mulongo?"

"Mimi sikuwa hapa. Mimi leo sijala nyama."

Nilikasirika! Wanaume wazima, kila mmoja anamwita baba mzee wetu, na hakuna aliyetaka kusimama naye. Nikainuka niende. Kisha swali moja likanirudisha.

"Siku hiyo ulikuwa unaenda wapi?"

"Harusi," Dishon akasema.

"Na wewe?"

"Harusi."

"Na mkiwapeleka wageni uwanja wa ndege?"

"Hapo haina noma. Inateleza tu."

Orela ya Dishon ilikuwa imeegeshwa nje. Nikaenda nikachuchumaa mbele yake. Katikati, chini ya nembo, ndipo kilipo kifaa kinachotazama barabara. Kikiona kitu karibu, gari linafunga breki bila kumngoja dereva.

"Maua ya harusi mnayafunga wapi?"

"Hapo hapo ulipoangalia. Shada kubwa katikati, utepe mpaka kwenye vioo vya pembeni. Bila hiyo si gari ya harusi."

Hapo nikaunganisha mambo. Upepo ukiyapeperusha yale maua, gari linadhani kuna kitu kimetokea mbele. Huko lilikotengenezwa, nadhani hakuna aliyewahi kulipamba kama tunavyopamba sisi.

Lakini ilikuwa dhana yangu tu. Orela ya Dishon ni ya kampuni, asingethubutu kunipa nijaribie, na shahidi sikuwa naye. Kwa Mugo sikuthubutu kuitaja, angenicheka tena. Nilimwambia baba peke yake.

"Umefikiri vizuri, mama," alisema. Akanishika kichwa. "Lakini hatuna ushahidi. Acha kesho ipite salama."

Jumamosi ikafika.

Ntheo kwa kawaida hufanyiwa ushago, kule kijijini, ila nyanya yangu, ambaye sasa anaishi hapa mjini, hawezi tena safari ndefu, kwa hiyo wazee walikubali ifanyike hapa Lucky Summer. Hema likafungwa uwanjani. Shangazi zangu wakapika tangu alfajiri. Binamu zangu wakaweka simu hewani ili jamaa walioko mbali waone. Mimi nilikuwa ndani ya kitenge kipya, baba amekaa kiti cha mbele na tai yake ya kanisani.

Wageni wakaja na honi na nyimbo. Gari la kwanza lina utepe. La pili utepe na maua. Hata gari dogo lililobeba mbuzi lilikuwa na utepe!

Mwisho kabisa ikaingia Orela. Mugo mwenyewe ndiye aliyeiendesha, na mama yake amekaa nyuma, kilemba kimesimama.

Niliitazama ile Orela.

Haikuwa na ua hata moja. Haikuwa na utepe. Bonneti tupu, inang'aa jua tu.

Nikatazama tena nihakikishe. Gari la fahari kuliko yote kwenye msafara, lililombeba mama wa bwana harusi… ndilo pekee ambalo halijapambwa?

Nikalikumbuka lile shada la Dishon.

Wageni wakakaa, soda zikapita, maombi yakafanywa. Baba mkubwa Maingi, kaka yake baba, akasimama na kuniita mbele. Kwetu mbuzi hawapokewi kabla msichana hajaulizwa mbele ya watu wote. Ndiyo siku moja ambayo hata mwenye haya kama mimi lazima aongee.

"Nzembi, mtoto wa Ndolo. Hawa wageni unawajua?"

"Nawajua, baba mkubwa."

"Wameleta mbuzi. Tuwapokee, ama tuwarudishe?"

Wote walilijua jibu. Shangazi zangu walikuwa wameshafungua midomo wapige vigelegele. Baba alikuwa ananitikisia kichwa taratibu: sema ndiyo, mama, sema ndiyo.

Nikamgeukia mama yake Mugo.

"Mama… mbona gari lenu halina maua?"

Watu wakacheka. Wakadhani ni utani wa bibi harusi.

"Ai, uliza huyu mtoto wangu!" Mama Mugo akajibu, na ilionekana alikuwa amelibeba moyoni tangu asubuhi. "Nilikuwa nimenunua maua yangu mazuri, ya rangi ya kitambaa hiki. Akayang'oa! Ati yakifunika pale mbele, gari hujishikia breki lenyewe. Ati yeye mwenyewe ilimfanyia hivyo wakati wa kupigwa picha za matangazo, nusura avunjike shingo. Nikamwambia basi weka hata kautepe kamoja, akakataa katakata!"

"Mama!" Mugo akaruka kwenye kiti.

"Mama nini? Si ni wewe ulisema?"

Shangazi zangu wakafunga midomo. Mbuzi mmoja akalia.

Baba alikuwa amesimama bila yeye mwenyewe kujua.

Alijua! Ndugu zangu, Mugo alijua! Kabla hata gari halijazinduliwa, kabla ya bibi harusi wa Fedha kuingia ndani, kabla ya baba kupewa ufunguo!

"Mugo," nikasema. "Baba alilala?"

"Nzembi, njoo tuongee kando."

"Hapana."

"Haya ni mambo ya familia, tumalizane kando tu…"

"Hapa. Mbele ya hawa wote. Baba alilala?"

Akatazama chini. "Hakulala."

"Sema kwa sauti."

Sikuamini kama ni mimi niliyesema hivyo. Nyanya yangu mwenyewe aligeuka kunitazama.

"Hakulala!" Mugo akapaza sauti. "Gari ndilo lilisimama! Tulipogundua, uzinduzi ulikuwa umekaribia, wakubwa wakasema tusilitaje tatizo hilo, mimi ningefanya nini?"

Nikamgeukia baba mkubwa Maingi.

"Baba mkubwa, mbuzi warudi."

Hakuna aliyenibishia. Aliyesimama ni Mama Mugo. Alitembea mpaka kwa mwanawe, kilemba kimelegea, akasimama mbele yake.

"Mimi uliniondolea maua," akasema polepole. "Yule bibi harusi wa watu ukamwacha nayo?"

Mugo akajikalia tena kwenye kiti.

Mama yule akamwendea baba, akamshika mikono yote miwili.

"Mzee Ndolo, nimekuja kwako kuomba mtoto. Sasa naomba msamaha."

"Mama, wewe hukunikosea," baba akasema. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na hakuyafuta.

"Basi nifanyie jambo moja. Nirudishe nyumbani. Huyu sipandi naye gari."

Akanyoosha mkono kwa mwanawe bila kumtazama. Mugo akatoa ufunguo.

Baba akanyoosha tai yake. Akamfungulia Mama Mugo mlango, akahakikisha amefunga mkanda, akazunguka, akaketi kwenye usukani mbele ya watu wote waliokuwa wamesikia kwamba alilala. Mtaa mzima ulisimama kumtazama akiondoka.

Zile simu za binamu zangu zilikuwa bado hewani. Kufikia Jumapili, sauti ya Mugo akisema "hakulala" ilikuwa imefika mbali kuliko uzinduzi wao. Jumatatu kampuni iliomba radhi na kusimamisha Orela zote za harusi. Dishon na Mulongo walijitokeza, kwa majina yao, nyuso zao zikionekana. Walichelewa, lakini walikuja. Mugo ananitumia jumbe mpaka leo. Sizifungui.

Wengi mnaniuliza kama nilimpenda. Nilimpenda sana. Ndiyo maana nimekaa muda huu wote kabla ya kuwaandikia.

Ninachowaomba ni kimoja. Ukiambiwa gari, au mtu, ana rekodi safi, usipige makofi haraka. Uliza ni nani walioumia na hawakuulizwa. Na wewe dereva uliyeshtuliwa na gari lako ukamalizana na mwenzako kando ya barabara, ukanyamaza kwa aibu… tafadhali sema. Kuna mzee wa mtu ameketi kwenye usukani kama huo sasa hivi, na anadhani kosa ni lake.